Makosa ya Profesa Ngailo

Jumatano ya wiki ya tano ya muhula, Enesia Mtewele alifungua matokeo ya madarasa yote ya Chuo Kikuu cha Kipengere akakuta juu kabisa jina ambalo hakulitarajia. Akayafunga, akayafungua tena, akidhani mashine imechanganya. Jina lilikuwa palepale: Profesa Obadia Ngailo, Hesabu za Dawa, mwaka wa tatu.

Enesia alikuwa mshauri katika Kituo cha Ufundishaji. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wahadhiri kufundisha. Chuo humwajiri mtu kwa sababu anaijua figo kuliko wenzake. Mara chache sana mtu huulizwa kama anaweza kumweleza mwingine figo ni nini, naye akaelewa. Kwa hiyo wengi walifika kituoni kwa aibu, kama mtu mzima anayeomba kufundishwa kufunga kamba za viatu. Enesia aliwakaribisha, akawamiminia chai, akawavisha bangili.

Bangili hiyo, nyembamba na ya kijivu, iliitwa Mwangwi. Viti vya kumbi za mihadhara vilikuwa na vihisio kwenye sehemu ya kuegeshea mikono, vikisoma mapigo ya moyo ya mwanafunzi na jasho la viganja vyake, na kamera ndogo ukutani zilisoma mboni za macho. Darasa likielewa, bangili ilipata joto kidogo kwenye ngozi ya mhadhiri. Darasa likipotea, ilipoa. Hapakuwa tena na haja ya kuuliza "tuko pamoja?" na kujibiwa ile "ndiyooo" ya kumridhisha mwalimu. Bangili ilisoma pia mwili wa aliyeivaa, ili mhadhiri mgeni wa kazi ajue ni wapi anapopaparika, na ajifunze kutulia.

Pamoja na bangili ilikuja ahadi. Kila aliyeivaa alitia saini karatasi yenye sentensi moja ambayo Enesia mwenyewe aliitunga miaka mitatu nyuma: Kinachoonekana Kituoni ni mali ya mhadhiri, wala hakitatoka Kituoni bila ruhusa yake. Bila sentensi hiyo asingempata hata mhadhiri mmoja. Nani angekubali kuvaa kitu kinachomsema kwa wakubwa?

Sasa hili la Profesa Ngailo lilimshangaza kwa sababu alikuwa na miaka sitini na tisa, alishastaafu na kurudishwa kwa mkataba, na alizungumza polepole, akikatiza sentensi katikati kama mtu anayepapasa funguo mfukoni. Bangili yake haikuwahi kupata joto muhula huu wote. Mchoro wa darasa lake ulipanda na kushuka kama barabara iliyoliwa na mvua. Lakini wanafunzi wake thelathini walipopewa jaribio la Kituo, walipata tisini na tatu kwa mia. Darasa lililowafuata lilipata sabini na moja.

Simu ikalia kabla hajamaliza kushangaa. Alikuwa Dakta Ludovika Haule, Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma.

"Enesia, umeona?"

"Nimeona, Dakta."

"Huyo mzee anafanya nini mle ndani?"

"Sijui."

"Basi nenda ukajue. Nataka njia yake iandikwe, na mwezi ujao tuwafundishe wahadhiri wote."

Enesia angekwenda hata asingetumwa. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kufungua redio ili aone sauti inatoka wapi.

*

Alhamisi asubuhi ukungu ulikuwa bado umeukalia msitu wa misonobari nyuma ya Jengo la Tiba. Profesa Ngailo alikuwa ukumbini tayari, amevaa sweta la kahawia, anafuta ubao ambao ulikuwa safi.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, binti. Umekuja kunikagua?"

"Nimekuja kujifunza."

"Kaa nyuma kule. Ukisinzia, usikorome."

Hesabu za Dawa lilikuwa somo la kale lililofufuliwa. Zamani kidogo mashine ndizo zilizopima dawa zote nchini: unataja uzito wa mgonjwa, mashine inajaza sindano. Kisha dhoruba ya jua ikakata mawasiliano kwa siku kumi na moja. Katika siku hizo iligundulika kwamba wauguzi wengi, watu wenye moyo na vyeti, hawakuweza kugawanya miligramu kwa mililita. Waliokufa hawakufa kwa kukosa dawa. Baada ya hapo sheria ikapitishwa kwamba asiyeweza kupima dawa kwa kichwa na kalamu asimguse mgonjwa.

Profesa alianza kuandika. Enesia aliweka kishikwambi chake magotini. Kwenye kioo kulikuwa na nukta thelathini, moja kwa kila mwanafunzi: kijani aliyetulia, njano aliyeshtuka, buluu aliyepotea. Dakika ya kumi na mbili nukta zote zikageuka njano kwa mkupuo. Msichana mrefu wa mstari wa pili alinyoosha mkono. Alikuwa kiongozi wa darasa, Atukuzwe Chaula.

"Profesa, samahani. Hapo ni gramu au miligramu?"

Profesa akageuka, akautazama ubao. Akatabasamu, akafuta kwa kiganja.

"Vizuri. Mko macho."

Kalamu thelathini zikakimbia. Majirani wakanong'onezana, mmoja akimwonyesha mwenzake kwa nini ile gramu ingeleta maafa. Ikatokea tena dakika ya thelathini, na tena, na tena. Katika saa mbili Enesia alihesabu makosa matano, na kila kosa lilikamatwa kabla wino haujakauka. Alisisimka. Katika miaka kumi ya kazi hajawahi kuona wanafunzi wakisikiliza namna ile, shingo zimenyooka kama za korongo majini.

Wanafunzi walipotoka alimfuata Profesa mezani.

"Profesa, niambie ukweli. Unakosea makusudi?"

Mzee alipangusa wino kiganjani. "Mwanafunzi akishamkamata mwalimu wake," alisema, "jambo lile halisahau tena."

Enesia alifurahi, akaliandika lile neno kwa herufi kubwa. Alikuwa ameshafika chini ya ngazi alipogundua kwamba swali lake halikujibiwa.

*

Kulikuwa na namna ya kujua. Mtu anayetega kosa huku analijua, mwili wake humsema: moyo hupiga haraka kidogo kabla ya kalamu kugusa ubao, kama wa mtoto aliyejificha nyuma ya mlango. Enesia hakutaka kuamini vitabu tu. Alivaa bangili mwenyewe, akasimama mbele ya ubao mtupu wa Kituo, akaandika hesabu ishirini, nyingine sahihi, nyingine za uongo. Kila alipoandika uongo mapigo yake yaliruka mapema, hata alipojitahidi kuyazuia.

Kisha akafungua kumbukumbu za Profesa Ngailo.

Kabla ya kosa moyo wake ulikuwa shwari. Wakati wa kosa, shwari. Uliruka baada ya mkono kunyanyuliwa, na uliruka vibaya, kwa hofu ya mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Enesia alirudi nyuma wiki kwa wiki. Makosa ishirini na sita, na yote yalikuwa hivyo.

Hakuwa anatega. Alikuwa anaanguka, na kila mara kulikuwa na mtu wa kumdaka.

Hapo likabaki swali la pili: wanafunzi walijuaje? Mwanafunzi wa kawaida huuamini ubao kuliko macho yake. Jumatano iliyofuata, mchana, Enesia aliwatafuta, akawakuta katika chumba cha nyuma ya mgahawa wa chuo, wote thelathini, sahani za viazi vya kuchemsha katikati ya vitabu. Kijana mmoja alikuwa amesimama juu ya benchi anafundisha sura ya saba. Darasani walikuwa bado sura ya tano.

Alipomwona, yule kijana alishuka kwenye benchi. Atukuzwe akamfuata mlangoni.

"Madam, tunaomba usimwambie."

"Nisimwambie nini?"

"Kwamba tunajua." Alitazama chini. "Alitufundisha mwaka wa kwanza pia. Wakati ule ungeweza kuchapa kitabu kutoka kwenye ubao wake. Muhula huu, wiki ya pili tu, tukaona. Tukakaa, tukakubaliana. Kila mmoja anasoma kurasa nne mbele, halafu anawafundisha wengine. Akiteleza, tunauliza swali kama vile hatujaelewa. Hatumwaibishi."

"Nani aliwafundisha kufanya hivi?"

"Hakuna. Madam, huyu mzee ndiye aliyetuma barua tatu ili nisifukuzwe nilipougua. Na mimi siko peke yangu humu."

Enesia aliutazama mduara wa nyuso zilizogeuka kumtazama. Hii ndiyo njia ambayo Dakta Haule alitaka iandikwe: thelathini wanaosoma mbele, wanaofundishana, wanaokagua kila tarakimu kwa sababu wanampenda mtu na wanaogopa aanguke.

"Na siku akikosea mahali ambapo hamjafika?" aliuliza.

Atukuzwe alifikiri. "Haijatokea," akasema.

Enesia hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba ni kwa ajili ya ahadi, na ahadi ilikuwa ya kweli: yaliyoonekana yalikuwa mali ya Profesa, na hata kumwendea Profesa mwenyewe alikuwa anatafuta maneno. Lakini baadaye, alipoulizwa, hakujificha nyuma ya hilo peke yake. Alikiri kwamba alitaka kuendelea kutazama. Hajapata kuona darasa linalojifunza namna ile, na alijua siku atakayofungua mdomo halitakuwapo tena. Siku zikapita, moja, mbili, hadi tisa.

*

Ijumaa ya wiki iliyofuata Profesa Ngailo alibadilisha ratiba. Kesho yake asubuhi wanafunzi walikuwa wanakwenda kufanya kazi wiki mbili katika zahanati za mlimani, wawili wawili, mahali ambapo mashine za kupimia hazikufika na muuguzi ni mmoja kwa vijiji vitano. Aliona si busara waende bila kujua dawa za watoto. Akaziruka sura ya saba hadi ya tisa, akaingia ya kumi.

Enesia alifuatilia akiwa ofisini kwake. Saa nne na nusu kitu kigeni kilitokea kwenye kishikwambi. Nukta zote thelathini zilikuwa kijani, zimetulia tuli, na bangili ya Profesa ilipata joto kwa mara ya kwanza muhula ule. Enesia akacheka peke yake. Labda amepona, alijiambia. Labda nilisoma vibaya.

Kipindi kilipokwisha alifungua picha ya ubao ili ainakili kwenye ripoti ya Dakta Haule. Hakuwa mtu wa tiba. Lakini alikuwa na tabia ya kutoandika hesabu bila kuifanya, basi akachukua kalamu.

Mtoto wa kilo kumi na mbili. Miligramu tano kwa kila kilo kwa siku, zigawanywe mara tatu. Dawa ina miligramu ishirini katika kila mililita.

Tano mara kumi na mbili, sitini kwa siku. Gawanya kwa tatu, ishirini kila mara. Mililita moja, asubuhi, mchana, jioni.

Ubaoni, kwa mwandiko mzuri wa mkono wa zamani, kulikuwa na mililita tatu, asubuhi, mchana, jioni. Chini yake Profesa alikuwa amepigia mstari kanuni: Uzito mara kipimo, gawanya kwa nguvu ya dawa. Hakuwa amekumbuka kugawanya kwa tatu. Wanafunzi hawakuwa wameisoma sura ya kumi. Walikuwa wameinakili, wote, nayo mashine ikaona nyuso zilizotulia na kuuita utulivu huo uelewa.

Enesia aliirudia hesabu mara nne. Kisha akatoka mbio bila kufunga mlango.

*

Saa saba mchana Profesa Ngailo alikuwa ofisini kwake anamenya pera kwa kisu kidogo. Enesia aliketi bila kukaribishwa, akamsogezea karatasi.

"Profesa, naomba unifanyie hesabu hii."

"Umeanza kusomea udaktari?" Lakini aliichukua. Aliifanya kwa nusu dakika, hatua kwa hatua, akaipigia mstari. "Mililita moja."

Ilikuwa sahihi. Enesia karibu anyanyuke aondoke. Badala yake akaweka kishikwambi mezani, picha ya ubao ikiwa wazi.

Mzee aliitazama. Aliweka kisu chini. Aligusa kioo kwa kidole, pale penye tarakimu tatu, kana kwamba ingefutika.

"Huu mwandiko ni wangu," alisema.

"Ndiyo, Profesa."

"Leo?"

"Leo asubuhi."

"Na hakuna aliyeuliza."

"Hawajaisoma sura ya kumi. Hizo nyingine huwa wanazisoma kabla." Akamweleza yote: makosa ishirini na sita, mapigo yake, chumba cha nyuma ya mgahawa. Alisema polepole, na kila sentensi aliona inamfikia mahali.

Profesa aliinuka, akaenda dirishani, akampa mgongo. Sauti yake ilipotoka ilikuwa kali.

"Ulinivisha kitu hiki ukaniambia ni changu. Nilitia saini. Ulisema hakitatoka."

"Hakijatoka. Nimekuja kwako kwanza."

"Basi kimefika. Jumatatu nitawaandikia."

"Jumatatu watakuwa mlimani tangu Jumamosi. Simu hazishiki kule. Lazima iwe leo."

"Na nikisema hapana?"

Enesia alikuwa amelijua jibu tangu alipokuwa anakimbia uwanjani. "Saa tisa nitaingia darasani peke yangu niwaambie. Nitakuwa nimevunja ahadi, na utakuwa na haki ya kunishtaki. Yaliyo moyoni mwako ni yako, Profesa. Lakini hesabu ile si yako tena. Wanayo watu thelathini kwenye madaftari."

Nje watu walikuwa wanapita wakicheka. Profesa alirudi kitini taratibu, kama mtu aliyebeba maji.

"Nyumbani," alisema, "nimeandika majina ya wajukuu nyuma ya kalenda. Nayasoma kabla hawajaja. Mke wangu anadhani natazama tarehe. Nilijua huko nyumbani jambo hili limeshaingia. Nilifikiri ukumbini halijafika. Pale mbele ya ubao nilijisikia mzima. Umewahi kujisikia mzima kabisa, mwanangu, halafu ukaonyeshwa picha?"

Enesia aliifunga ile picha.

"Waite," akasema Profesa. "Saa tisa."

*

Kabla hawajaingia, Enesia alizima vihisio vya viti vyote. Hakuna kanuni iliyomtaka afanye hivyo. Aliona tu kwamba watakachohisi wanafunzi dakika zile hakikuwa cha Kituo.

Profesa Ngailo alisimama mbele bila bangili. Hakuketi, hakuegemea meza.

"Asubuhi niliwafundisha uongo," alisema. "Fungueni madaftari."

Aliiandika hesabu upya. Alipofika kwenye kugawanya kwa tatu alisimama, akaliandika neno "tatu" kwa herufi, kubwa. Wanafunzi walikata kurasa zao. Kijana mmoja alishika kichwa kwa mikono miwili. Zahanati yake ilikuwa ndiyo ya mbali kuliko zote.

"Sasa la pili. Sikukosea makusudi, leo wala siku nyingine. Akili yangu inaniacha. Sijui inaniacha saa ngapi, ndiyo maana siwezi kuwaonya." Akawatazama mstari kwa mstari. "Nani alijua?"

Kisha Atukuzwe akanyoosha mkono, halafu aliye kando yake, halafu wote.

Enesia alitarajia mzee atawashukuru. Nyuso zao nyingi zilikuwa zinatarajia hivyo pia.

"Mmenisaidia," alisema Profesa, "na mmenificha. Hayo mawili hayafanani. Chaula, simama. Kesho kutwa uko zahanati. Muuguzi mnayempenda, aliyewapikia na kuwapa kitanda chake, ameshika sindano yenye dawa mara tatu ya ile inayotakiwa. Utafanya nini?"

Machozi yalikuwa yanamshuka Atukuzwe. "Nitamzuia."

"Kwa swali la adabu? Kama vile hujaelewa?"

"Nitamshika mkono, Profesa."

"Na mimi mngenishika mkono wiki ya pili. Sikuwafundisha hilo. Hilo ndilo kosa langu ambalo hamkulikamata."

Kisha akawaamuru wabadilishane madaftari, kila mmoja amkague mwenzake hesabu kumi za sura ile, na yeyote asitoke mpaka mwenzake aseme kwa sauti kwamba zote ni sahihi. Iliwachukua hadi saa kumi na moja. Yeye alikaa kiti cha pembeni, mikono mapajani, akiwasikiliza wakibishana.

*

Kwa Dakta Haule walikwenda pamoja, jioni ileile. Profesa alieleza mwenyewe. Dakta Haule, ambaye naye alipata kuwa mwanafunzi wake, alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza, akainuka akamshika mikono yote miwili. Kisha akamgeukia Enesia.

"Ulijua tangu lini?"

"Siku tisa."

"Siku tisa. Na ningekuwa nimeshaagiza wahadhiri wote waige." Alivua miwani. "Utapata barua ya onyo. Ningekuwa katika nafasi yako sijui ningefanya nini, lakini barua utaipata."

"Nimekubali, Dakta."

"Hiyo njia yenyewe, je? Nimeahidi njia."

"Ipo," alisema Enesia. "Wanasoma mbele, wanafundishana, wanamkagua mwalimu bila woga. Hayo tunaweza kuyafundisha bila mtu kuugua."

"Watapata tisini na tatu?"

"Sidhani. Kuna kitu kingine kilichowasukuma, na hicho sijui namna ya kukifundisha."

Wanafunzi walirudi baada ya wiki mbili, wamechomwa na baridi, na madaftari ya zahanati yakapitiwa ukurasa kwa ukurasa. Hakuna mtoto aliyepewa dawa isivyopasa. Profesa Ngailo alikuwa amekwisha kwenda hospitali ya mkoa, ugonjwa wake ukapata jina, akaandika barua ya kuacha kufundisha. Siku aliyokuja kurudisha funguo za ofisi alipita Kituoni.

"Ile sentensi yenu," alisema akiwa amesimama. "Ungeivunja kweli siku ile?"

"Ningeivunja."

"Basi sentensi ni ya uongo. Andika ya kweli, ili atakayevaa ajue kabla hajavaa."

Enesia akatoa karatasi, wakaketi. Ilichukua saa nzima kupata maneno. Alipomaliza aliisoma kwa sauti: "Kinachoonekana Kituoni ni mali ya mhadhiri, isipokuwa kinapoweza kumdhuru mtu ambaye hayumo darasani. Hapo mhadhiri ataambiwa kwanza, kisha wanaopaswa kujua."

"Lini?" aliuliza Profesa.

"Samahani?"

"Ataambiwa lini? Hujaandika."

Enesia alishika kalamu. Akaongeza: siku hiyohiyo.

"Ulininyamazia siku tisa," alisema mzee akijiinua. "Huruma yako nimeiona. Siku zenyewe bado sijakusamehe. Tukutane tena, kama nitakujua."

Karatasi mpya zilipotumwa, wahadhiri arobaini na wawili walirudisha bangili katika wiki moja. Wengine walizituma kwa bahasha bila neno. Mmoja, rafiki yake wa miaka mingi, aliiacha mlangoni. Dakta Haule alipiga simu kumshauri ailegeze sentensi kidogo, waliobaki wasije wakakimbia nao. Enesia alifikiria usiku kucha, asubuhi akajibu kwamba haitalegezwa. Aliweka bangili zote kwenye kabati, akapika chai, akakaa na meza tupu Jumatatu, Jumanne na Jumatano.

Alhamisi, karibu saa sita, mtu alibisha hodi. Alikuwa Dakta Tumsifu Mwalongo, mhadhiri kijana aliyekabidhiwa darasa la Hesabu za Dawa, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kukanyaga Kituoni. Aliisoma karatasi akiwa wima. Akaisoma tena.

"Wenzangu wanasema nisiivae," alisema.

"Huna lazima."

"Kuna kitu naogopa kitaonekana."

"Kitu gani?"

Dakta Mwalongo alitia saini, akakunja mkono wa shati.

"Sijui," alisema. "Ndicho kilichonileta."